Theluji ipo, njia hakuna: Jinsi upepo unavyowatatiza watelezaji wa Cairngorm

KILA ifikapo Machi na Aprili, wapenzi wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji nchini Uskoti huanza kuhesabu siku. Jua limerefuka, baridi kali ya Januari imelegea, na likizo ya Pasaka inabisha hodi.

Juu ya mlima wa Cairngorm, kaskazini mwa nchi hiyo, theluji aghalabu huwa ingali imetanda. Katika baadhi ya miaka hufikia kina chake kikubwa zaidi wakati huu, wala si Disemba kama wengi wanavyodhani.

Hata hivyo, mara nyingi familia husafiri mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Edinburgh, zikawasili na mbao zao za skii, kisha zikakuta mitambo ya kupandisha watu mlimani imesimama tuli. Theluji ipo, watu wapo, jua pengine lipo, lakini hakuna anayepanda.

Anayezuia safari hiyo ni upepo. Na ajabu ya jambo hili ni kwamba upepo huo huo unaowanyima watelezaji raha yao ndio uliowakusanyia theluji wanayoitamani.

Kwa msomaji wa Kenya, mchezo huu si mgeni kabisa. Philip Boit alipeperusha bendera ya taifa katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mjini Nagano, Japani, mwaka wa 1998, katika mbio za masafa marefu za skii.

Miaka 20 baadaye, Sabrina Simader alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo, safari hii huko Pyeongchang, Korea Kusini. Yeye alishiriki ule mtindo wa kuteremka mlima kwa kasi, ambao ndio tunaouzungumzia hapa.

Wanaokumbuka mashindano hayo ya Februari 2018 watakumbuka pia kwamba upepo mkali ulilazimisha waandalizi kuahirisha mbio kadhaa za kuteremka, za wanaume na za wanawake. Ikiwa Olimpiki yenyewe ilisalimu amri mbele ya upepo, sembuse mlima wa Uskoti?

MLIMA MFUPI, UPEPO MREFU

Cairngorm una kimo cha mita 1,245 tu. Kwa kipimo hicho, kilele chake kiko chini ya jiji la Nairobi, ambalo limejengwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Kinachouvika theluji si kimo bali mahali ulipo. Mlima huo uko kwenye latitudo ya nyuzi 57 kaskazini, mbali sana na Ikweta, na katika njia ya dhoruba zinazotoka Bahari ya Atlantiki msimu mzima wa baridi.

Dhoruba hizo zinapofika nchi kavu hukutana na milima. Hewa inayolazimika kupanda na kupita juu ya kilele hubanwa, na ikibanwa huongeza kasi, mithili ya maji ya mto yanapofika mahali pembamba.

Ndiyo maana mtu anaweza kusimama katika mji wa Aviemore, bondeni, akahisi upepo wa kawaida tu, ilhali kileleni dhoruba inavuma kiasi cha kumwangusha mtu mzima.

Kilele cha Cairngorm ndicho kinachoshikilia rekodi ya upepo wenye kasi zaidi uliowahi kunakiliwa rasmi nchini Uingereza. Tarehe 20 Machi 1986, mvumo mmoja ulipimwa ukienda maili 173 kwa saa, yaani kama kilomita 278 kwa saa.

Tarehe hiyo si ya katikati ya majira ya baridi. Ni siku ambayo, kwa mujibu wa wanajimu, majira ya machipuko huanza rasmi katika nusu ya kaskazini ya dunia.

Kupima upepo mahali kama hapo ni kazi ngumu. Ukungu wenye baridi kali huganda papo hapo kwenye kila kitu unachokigusa, na vipimo vya kawaida hufunikwa na barafu, vikashindwa kuzunguka.

Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt cha Edinburgh walibuni suluhisho miaka ya 1970. Kituo chao cha hali ya hewa kileleni kina vipimo vinavyojificha ndani ya pipa lenye joto, kisha huchomoza kila baada ya nusu saa, vikapima kwa dakika chache na kurudi ndani kabla ya barafu kuvikamata.

KWA NINI LIFTI HUSIMAMA

Wengi wanaofika na kukuta mitambo imefungwa hukasirika. Wao huona mlima mweupe ukimeremeta, na huuliza ni woga gani huo wa wasimamizi. Jibu limo katika hesabu rahisi ya nguvu.

Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu inayosukuma kitu huongezeka mara 4. Kasi ikifika kilomita 90, nguvu hiyo huwa mara 9 ya ile ya kwanza.

Lifti ya viti ni kamba nene ya chuma inayopita juu ya magurudumu yaliyofungwa kwenye nguzo, nayo viti vinaning'inia chini yake. Kwa maneno mengine, kila kiti ni pembea.

Upepo unapovuma kutoka ubavuni, kiti hubembea na huweza kugonga nguzo. Ukizidi, kamba yenyewe huweza kuchomoka kwenye magurudumu yake. Viti vitupu huwa hatari zaidi kwa kuwa ni vyepesi na hubembea kwa urahisi.

Isitoshe, si kasi ya wastani inayoamua, bali ile mivumo ya ghafla. Upepo wa wastani unaweza kuwa wa kustahimilika, kisha ukaja mvumo mmoja wa sekunde chache ukaharibu kila kitu.

Mtambo ukisimama ghafla huku watu wamekaa hewani, wokovu wao huwa kazi ya saa nzima au zaidi. Katika nyuzi 5 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 60 kwa saa huufanya mwili upoteze joto kana kwamba ni nyuzi 16 chini ya sifuri. Msimamizi anayekumbuka hilo hangoji mambo yaharibike ndipo afunge.

Lifti za kukokota ni afadhali kidogo. Katika hizo, mtelezaji hubaki amesimama juu ya theluji na kuvutwa na fimbo iliyofungwa kwenye kamba. Mtambo ukisimama, yeye huiachilia tu fimbo na kuteleza kurudi chini.

Kwa sababu hiyo, milima ya Uskoti imeendelea kuzitegemea lifti za kukokota. Lakini hata hizo zina kikomo, na huganda barafu usiku, ikawabidi wafanyakazi kupanda asubuhi na mapema kuibomoa kabla ya mgeni wa kwanza kuwasili.

MGALA MUUE, HAKI YAKE MPE

Pamoja na lawama zote hizo, upepo una upande wake wa pili. Bila upepo, huenda mchezo huu usingekuwapo Cairngorm katika majira ya machipuko.

Juu ya milima hiyo kuna uwanda mpana ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Theluji inayoanguka hapo haitulii. Upepo huizoa na kuisukuma hadi ukingoni, kisha huiangusha katika mabonde yaliyochimbika ubavuni mwa mlima kama mabakuli.

Mabonde hayo yalichongwa na mito ya barafu ya kale. Bonde la Coire Cas, ambamo njia nyingi za kuteleza zimo, liko upande wa kaskazini, na kwa hivyo hupata kivuli wakati jua lingali chini.

Matokeo ni kwamba uwanda wa juu unaweza kuwa na mawe matupu yaliyofagiliwa na upepo, ilhali bondeni theluji imerundikana kwa kina cha mita kadhaa. Rundo hilo ndilo linalodumu hadi Aprili, na katika miaka mizuri hadi Mei.

Wenyeji walilitambua jambo hili zamani. Pembeni mwa njia za kuteleza, wamejenga nyua ndefu za mbao zenye mianya. Upepo unapopita katika mianya hiyo hupoteza kasi, na theluji iliyobebwa huanguka nyuma ya ua. Kwa hiyo mkulima wa theluji, ukitaka kumwita hivyo, humtegea adui yake mtego na kumfanya mtumishi.

THELUJI YA MACHIPUKO NI SAA, SI SIKU

Hata upepo ukitulia, mtelezaji wa majira ya machipuko ana kitendawili kingine. Theluji ya wakati huu hubadilika sura mara kadhaa kwa siku moja.

Mchana, jua huyeyusha tabaka la juu. Usiku ukiwa mtulivu na anga likiwa wazi, joto hupotelea angani na maji hayo huganda upya. Mzunguko huo ukirudiwa siku nyingi, chembe za theluji huungana na kuwa punje kubwa za duara, mfano wa chumvi ya mawe.

Asubuhi, punje hizo zimeshikana na uso wa mlima ni mgumu kama sakafu. Anayeteleza wakati huo husikia mbao zake zikikwaruza, na akianguka huenda mbali kabla ya kusimama.

Kadiri jua linavyopanda, tabaka la juu hulegea kwa sentimita chache. Hapo ndipo raha ilipo. Mbao hushika vizuri, hugeuka kwa wepesi, na hata mwanagenzi hujiona bingwa.

Raha hiyo haidumu. Baada ya saa chache theluji huwa rojorojo, hunasa mbao na kuchosha magoti. Mtelezaji mzoefu huifahamu saa yake, akaingia na kutoka kwa wakati.

Upepo ukiingilia kati, ratiba hii yote huvurugika. Upepo mkavu wa baridi huipokonya theluji joto ambalo jua lingeipa, na uso wa mlima ukabaki barafu ngumu mchana kutwa. Anga likiwa na mawingu usiku, nayo theluji haigandi sawasawa, na asubuhi huamka ikiwa chepechepe.

Ulio mbaya zaidi ni upepo wa vuguvugu wenye unyevu kutoka kusini magharibi. Watu wengi hudhani kwamba jua ndilo adui mkuu wa theluji. La hasha.

Mvuke uliomo katika upepo huo unapogusa theluji baridi hugeuka kuwa maji, na katika kugeuka huko hutoa joto jingi. Kilo moja tu ya mvuke ikigeuka maji hutoa joto la kuyeyusha zaidi ya kilo 7 za barafu. Usiku mmoja wa upepo wa aina hiyo unaweza kufuta njia iliyochukua wiki kadhaa kujengeka.

RELI ILIYOKUSUDIWA KUUSHINDA UPEPO

Kwa miongo kadhaa, wasimamizi wa Cairngorm walitafuta njia ya kuukwepa upepo. Lifti ya kwanza ya viti ilianza kazi mwishoni mwa mwaka wa 1961, na tangu mwanzo ilijulikana kwa kufungwa mara kwa mara kila upepo ulipochacha.

Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa reli. Mnamo Disemba 2001 ilifunguliwa treni inayovutwa kwa kamba ya chuma, inayopanda takriban kilomita 2 kutoka kituo cha chini hadi kituo cha Ptarmigan, kama mita 150 chini ya kilele. Mradi uligharimu karibu pauni milioni 20, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za umma.

Mantiki yake ilikuwa wazi. Behewa lililokaa juu ya reli halibembei kama kiti, hivyo linaweza kusafiri katika upepo ambao ungeisimamisha lifti ya viti.

Hata hivyo, mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Mwaka wa 2018, treni hiyo ilisimamishwa baada ya wahandisi kutilia shaka uimara wa daraja refu linalobeba reli. Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni iliyokuwa ikiendesha shughuli mlimani ilifilisika, na shirika la umma la maendeleo la eneo hilo likalazimika kuingilia kati.

Ukarabati ulichukua miaka. Treni ilirejea Januari 2023, ikasimamishwa tena Agosti mwaka huo huo, na haikubeba abiria tena hadi Februari 2025.

Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, mlima uliokuwa na theluji juu ulikosa njia kuu ya kuwafikisha watu huko. Waliotaka kuteleza walitegemea lifti za kukokota, ambazo, kama tulivyoona, nazo humtii upepo.

Na hata treni ikiwa inafanya kazi, humaliza nusu tu ya tatizo. Inaweza kumfikisha mtu juu, lakini haiwezi kumtulizia upepo unaomngoja mlangoni. Akitoka nje akakuta theluji inapeperushwa kiasi kwamba haoni mikono yake, atarejea chini kwa treni ile ile.

NANI ANAYEUMIA?

Hasara ya siku ya upepo haimwangukii mtalii peke yake. Mkufunzi wa skii hupoteza wanafunzi, mwenye duka la kukodisha vifaa hubaki na mbao zake rafuni, na mikahawa ya kando ya barabara hukosa wateja wa jioni.

Mji wa Aviemore umejengeka kwa utalii, na msimu wa theluji ni mfupi. Wikendi mbili za Pasaka zikipotea kwa upepo, hakuna wikendi nyingine ya kuzifidia hadi mwaka ujao.

Wageni nao wana malalamiko yao. Baadhi hulalamika kwamba tangazo la kufungwa hutolewa wakiwa tayari wako njiani. Wengine hununua tiketi, wakakuta ni eneo la wanagenzi tu lililofunguliwa, na foleni yake haisogei.

Malalamiko hayo yana uzito, na msimamizi anayetoa taarifa mapema na kurejesha fedha bila mizengwe hujijengea heshima. Lakini dai kwamba lifti zingeendeshwa tu hata upepo ukiwa mkali, hilo halina msingi.

Milima hii imewahi kuua. Mnamo Novemba 1971, wanafunzi 5 wa shule kutoka Edinburgh pamoja na kijana aliyekuwa akimsaidia kiongozi wao waliaga dunia baada ya kunaswa na dhoruba ya theluji kwenye uwanda wa Cairngorm. Wao walikuwa watembeaji, si watelezaji, lakini upepo haubagui.

Kuna pia hofu ya muda mrefu. Katika mlima jirani wa Braeriach kuna kiraka cha theluji ambacho zamani kilisifika kwa kutoyeyuka hata kiangazi. Katika karne nzima ya 20 kilitoweka mara 3 tu, mwaka wa 1933, 1959 na 1996.

Kati ya 2003 na 2023, kilitoweka mara 7. Mlima ungali unapata dhoruba zake, lakini dunia inapozidi kupata joto, theluji ya kurundikwa na dhoruba hizo inapungua. Upepo hauwezi kukusanya kisichokuwapo.

Jambo hili linaifanya kila siku njema ya machipuko kuwa na thamani kubwa kuliko zamani, na kila siku inayopotea kwa upepo kuuma zaidi.

WAZOEFU HUFANYAJE?

Walioishi na mlima huu kwa miaka mingi hawapigani nao. Kwanza, hawatazami utabiri wa mjini. Wao husoma utabiri wa kileleni, na hutazama kasi ya upepo kabla ya kutazama kina cha theluji. Huduma ya utabiri wa milima ya Uingereza, MWIS, hueleza waziwazi iwapo upepo utamruhusu mtu kutembea au la.

Pili, hutazama upepo unatoka wapi. Upepo unaovuma kutoka kusini unaweza kuufagia uwanda wa juu huku ukiacha sehemu za chini za bonde la kaskazini zikiwa na nafuu. Ukigeuka na kuvuma kutoka kaskazini, bonde lilo hilo halina pa kujificha.

Tatu, hawafungi safari yao kwa tarehe moja. Uskoti ina vituo vitano vya mchezo huu, na siku ambayo Cairngorm umefungwa, Glenshee au Lecht huenda pakawa na unafuu. Anayeweza kusubiri hadi Jumanne badala ya kung'ang'ania Jumamosi ana nafasi bora zaidi.

Nne, huchelewa kwa makusudi. Usiku ukiwa wa baridi na anga wazi, hawakimbilii lifti ya kwanza alfajiri. Hungoja hadi jua lilegeze barafu, na huondoka kabla ya rojo ya alasiri kuwachosha.

Na ikiwa licha ya hayo yote watakuta mitambo imesimama, hugeuza gari na kurudi bondeni. Wanajua kwamba upepo unaovuma siku hiyo, iwapo hauna mvua wala vuguvugu, unawarundikia theluji katika Coire Cas, na kwamba ukitulia wiki ijayo watakuwa na kitu cha kutelezea.